Je, Wajua? Mwezi Mpevu, Jina la Ukoo na Mkopo wa Simu

Je, wajua kwamba mwezi unaweza kumnyima mtu mkopo? Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: zamani karabai, siku hizi zipo za sola. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, maana ziwa lote limeshakuwa jeupe. Basi mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji hupoa siku kadhaa kila mwezi. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, na kwenye simu hapaingii kitu. Giza likirudi, miamala inamiminika. Kigoma hata mtoto analijua hilo.

Programu ya mikopo hailijui, asipokuwepo wa kuifundisha. Tangu huduma ya M-Pawa ianze nchini Tanzania mwaka 2014, mikopo midogo ya simu imekuwa ikitolewa bila mkopaji kuonana na afisa yeyote. Programu hutazama matumizi ya laini, pesa inayoingia na kutoka, akiba na deni la nyuma lilivyolipwa, kisha hutaja kiwango au hukataa palepale. Ile iliyojifunza kwa watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi itamwona mvuvi kama mtu anayefukuzwa kazi mara 12 kwa mwaka. Mwaka 2024 ingemwona vibaya zaidi, kwa kuwa shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Mtu ametii amri ya serikali, alama zake zikashuka. Mama anayeanika dagaa mchangani naye yumo, ingawa hajawahi kupanda mtumbwi.

Je, wajua kwamba Katiba ya Tanzania inataja hata pahala ulipotokea? Ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua, inahesabu utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, dini, jinsia na hali ya maisha. Tatizo ni kwamba programu haina haja ya kukuuliza kabila. Postikodi inatosha, na za mkoa wa Kigoma zinaanza na 47. Au jina: Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na majina hufanana pande zote mbili za mpaka. Watu wa Kasulu na Manyovu waliowahi kuhojiwa uraia kwa sababu ya jina hawahitaji kuelezwa zaidi. Ila mbele ya afisa unaweza kumwita mwenyekiti wa kijiji aje athibitishe. Kwenye simu utamwita nani?

Wala hayo si ya kufikirika. Huko Uholanzi mamlaka ya kodi ilitumia programu kuchuja wazazi walioshukiwa kudanganya katika ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa na uraia wa Uholanzi kuliongeza alama za hatari. Maelfu ya familia zilidaiwa zirudishe fedha walizopata kihalali, nyingi zikafilisika. Serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa kashfa hiyo tarehe 15 Januari 2021.

Je, wajua kwamba kinga fulani unayo tayari? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa katika kifungu cha 36 haki ya kudai kwamba uamuzi unaokugusa sana usifanywe na mashine peke yake. Tume ya kusimamia sheria hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, na ndiko malalamiko yanakopelekwa. Lakini haki hiyo inamfaa anayejua kuwa mashine ndiyo iliyoamua. Ujumbe wa "hujakidhi vigezo" hautaji kigezo wala mpimaji. Kenya nao, katika kifungu cha 35 cha sheria yao ya 2019, wameacha mlango mpana: kinga haihusu uamuzi unaohitajika ili kuingia mkataba, wala ule uliouridhia mwenyewe. Mkopo ni mkataba. Na nani kati yetu hujisumbua kusoma kabla ya kubonyeza "Nakubali"?

Hesabu za namna hii hazikuanza na simu. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, mkutano wa kijiji ulitaja kaya kwanza, kisha majibu ya dodoso kuhusu nyumba, mali na ukubwa wa kaya yalipitishwa kwenye fomula. Mkutano wa kijiji una fitina zake, sikatai, lakini ukionewa utasimama useme.

Tukitoka kwenye mikopo kidogo: je, wajua kwamba wabunge wa Rwanda walisaidia kuziumbua mashine za kutambua nyuso? Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini na nchi tatu za kaskazini mwa Ulaya, wakazipa programu zibashiri jinsia. Kwa wanaume weupe, programu iliyokosea zaidi haikufikisha asilimia 1. Kwa wanawake weusi, kosa lilifika asilimia 34.7.

Je, wajua kwamba sheria pana ya Colorado, Marekani, kuhusu mashine zinazoamua mambo ya watu, iliahirishwa kabla haijaanza? Ilisainiwa 17 Mei 2024. Ilimtaka anayetumia mashine kuamua ajira, elimu, mikopo, nyumba, bima au matibabu aikague kama inabagua, na amweleze aliyekataliwa sababu. Ilikuwa ianze 1 Februari 2026. Wabunge wakaisogeza hadi 30 Juni 2026. Virginia, gavana aliukataa mswada unaofanana nayo Machi 2025. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2024, umeziweka programu za kupima wakopaji katika kundi la hatari kubwa.

Tofauti na sheria hiyo ya Colorado, haki ya kifungu chetu cha 36 inaamka pale mwenye taarifa anapodai. Kifungu hicho hakimlazimishi mkopeshaji kuijaribu programu yake kabla ya kuiwasha Kasulu au Uvinza.