Tarehe ya Paketi na Joto la Malindi

Geuza paketi yoyote ya unga, biskuti au maziwa ya unga katika duka la Malindi, usome maneno yaliyo karibu na tarehe. Nyingi zina agizo moja dogo: hifadhi mahali pakavu penye ubaridi. Sasa patafute mahali hapo. Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na kusi haijashika, ndani ya duka la mabati kule Maweni au Barani joto laweza kupita nyuzi 35 adhuhuri, na unyevu wa hewa unatosha kuloweka chumvi ndani ya kopo. Aliyepiga muhuri wa tarehe alihesabu miezi ya paketi iliyokaa kwenye kivuli cha baridi. Hakuihesabia rafu ya Maweni.

Ndiyo maana nikiulizwa kama chakula kilichopita tarehe kinalika, swali ambalo sisi wa fani ya usalama wa chakula hatulikosi hata arusini, nami huuliza: kimekaa wapi? Tarehe ni ahadi yenye sharti. Sharti likivunjwa, ahadi imekwisha hata kama mwezi ulioandikwa haujafika. Sharti likitunzwa, vyakula vingi hubaki salama baada ya siku hiyo. Kwa makadirio ya kawaida, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, mabadiliko ya kikemia ndani ya chakula hukimbia mara mbili hivi. Mafuta huchacha mapema, vitamini hupungua na korosho za Kilifi hugeuka ladha.

Tuzitenganishe kwanza tarehe zenyewe. Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu lebo, cha mwaka 1985, ambacho sehemu yake ya tarehe ilifanyiwa marekebisho 2018, kinatambua tarehe mbili zenye maana tofauti. Moja ni ya ubora, ambayo kwenye paketi zetu huandikwa BB (best before): mtengenezaji anasema hadi siku hii biskuti itakuwa na mlio wake na majani ya chai yatakuwa na harufu yake. Ya pili ni ya usalama: ikipita, usile. Tatizo letu ni kwamba viwanda vingi hupiga EXP, yaani tarehe ya mwisho, juu ya kila kitu, hata juu ya chumvi. Mnunuzi hawezi kutegemea herufi hizo peke yake. Inabidi ajue chakula chenyewe ni cha aina gani.

Codex hiyohiyo inasema chumvi isiyotiwa iodini, siki na sukari ngumu havihitaji tarehe yoyote, kwa sababu bakteria hawawezi kuota humo. Wakenya watakumbuka Mei 2023, maafisa 27 wa serikali waliposimamishwa kazi kwa ajili ya magunia 20,000 ya sukari, ya kilo 50 kila moja. Sukari hiyo iliingizwa nchini 2018, ikatangazwa kuwa imepita muda na haifai kuliwa, ikawa igeuzwe spiriti ya viwandani. Badala yake ikatolewa kinyume cha utaratibu. Watu waliniuliza: sukari inaozaje? Haiozi. Lakini sukari ambayo imeondolewa katika usimamizi, ikahamishwa kwa siri na pengine kutiwa kwenye magunia mengine, hakuna tena ajuaye ilikaa na nini, ililowa wapi, wala panya wangapi waliipitia. Hapo mimi siili, na sababu yangu haiko kwenye kalenda.

Vitu vikavu ndivyo vinavyosamehe. Mchele, tambi, chumvi, majani ya chai, biskuti, maharage: vikiwa vikavu, havina wadudu na havinuki mafuta yaliyochacha, wiki kadhaa baada ya tarehe havikudhuru. Asali pia, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata iwe mpya namna gani, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Unga wa paketi una jambo lake. Tangu 2012 viwanda vya Kenya vinalazimika kuutia vitamini na madini, na vitamini A haipendani na joto wala mwanga. Unga uliopita tarehe unaweza kukushibisha vizuri huku ukiwa umepoteza sehemu ya kile ulichokilipia. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga hayana mjadala: tarehe ikipita yatupwe, maana mtoto hana chakula kingine cha kuziba pengo.

Na sasa samaki, ambaye hana lebo wala tarehe.

Jodari, sehewa, nguru, una, fulusi na sulisuli wana histidini nyingi katika nyama yao. Samaki akishakufa, bakteria waliomo kwenye matamvua na matumbo huanza kuigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Kwenye barafu kazi hiyo huenda polepole sana. Juani, ndani ya mashua inayorudi Mayungu au Ngomeni bila barafu, saa chache zinatosha. Na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kikishatengenezwa, huweza kuendelea hata bakteria wenyewe wakifa. Histamini yenyewe haiondoki kwa moto. Ukikaanga ipo, ukipaka tui na ukwaju ipo, ukigandisha mwezi mzima ipo. Imekutwa hata ndani ya mikebe ya jodari iliyopikwa kiwandani kwa joto kali.

Aliyemla samaki huyo huona dalili baada ya dakika chache, au ndani ya saa mbili hivi: uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, wengine wanatapika au kuharisha. Mara nyingine mdomo husikia pilipili ambayo mpishi hakuitia. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, lakini anayebanwa na pumzi apelekwe hospitali papo hapo. Wengi huamini wana mzio wa nguru, wakajinyima nguru maisha yao yote, ilhali kilichokosekana siku ile ni barafu. Kikomo cha Codex ni miligramu 200 za histamini kwa kila kilo ya samaki, na samaki anaweza kukivuka kikomo hicho kabla hajanuka.

Hapo ndipo pua inapodanganya. Tafi na changu wana histidini kidogo. Wakiharibika hunuka na jicho lao hudidimia, kwa hiyo pua ya mama jikoni inatosha kuwahukumu. Jodari anahitaji ushahidi wa aina nyingine: alivuliwa saa ngapi na aliwekwa kwenye nini. Mama karanga, yaani mchuuzi wa samaki wa kukaanga, anayenunua mzigo wa jioni hawezi kuirekebisha kwa mafuta ya moto histamini iliyokwisha kuingia tangu asubuhi, hata awe fundi vipi wa kukaanga. Ukinunua, muulize muuzaji habari ya barafu kabla ya bei. Ukifika nyumbani, mtoe samaki matumbo na matamvua, mwoshe, umtie kwenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake.

Wazee wa pwani hii walilitatua jambo hili kwa chumvi na jua. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni yalileta tende na papa mkavu, vyakula vilivyokaa baharini wiki nyingi bila kuharibika kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake yameshikwa na sukari au chumvi, bakteria hawayapati. Ng'onda aliyekolea chumvi na kukauka sawasawa ni chakula salama. Ila kipindi cha mvua, hewa inapojaa maji, ng'onda hunyonya unyevu tena. Akianza kuteleza mkononi au kuota wekundu wa waridi juu ya nyama, hiyo ni alama ya bakteria wanaoishi kwenye chumvi, mwache.

Kwenye mahindi hatari ni kubwa zaidi, na tarehe haina neno la kusema. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Muuaji alikuwa sumukuvu, ile aflatoksini inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Mwezi Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa kuvuka kiwango kinachokubalika, ambacho ni sehemu 10 tu katika sehemu bilioni moja. Kupika sima hakuiondoi sumu hii. Kuchekecha unga au kupangusa ukungu hakuiondoi pia, na ukiwapa ng'ombe mahindi hayo, sehemu yake hurudi kwako ndani ya maziwa.

Kwa wakulima wa Magarini na Ganze kinachoamua ni ukavu: mahindi yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu kabla ya kufungwa guniani. Uchaga wa juu ya meko, ambao Wagiriama wameutumia vizazi vingi, ulifanya kazi hiyo kwa moshi na joto la kila siku. Gunia la plastiki lililowekwa juu ya sakafu ya saruji hufanya kinyume chake. Anayesagisha posho mill aangalie punje kabla ya kusaga, kwa sababu ndani ya unga huwezi kuona lolote.

Kiporo nacho hakina lebo. Wali uliolala sufuriani huwa na bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukipoa polepole katika joto la usiku wa Malindi, mbegu hizo huota na bakteria hutoa sumu ambayo baadhi yake haifi kwa kupasha moto. Kupasha wali uliolala nje si dawa. Kabla ya saa mbili kwisha tangu kupikwa, utandazwe kwenye sahani pana upoe upesi, uingie kwenye friji. Wauzaji wa mahamri na mbaazi nawashauri jambo jepesi: mbaazi zichemshwe usiku zikihitajika, lakini tui litiwe alfajiri. Tui la nazi lina mafuta, sukari na maji vyote pamoja, na katika joto letu huchacha kabla hujapata wateja.

Maziwa ya paketi yanachanganya watu. Yale yaliyopashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 yamepoteza vijidudu vya magonjwa, lakini bado yana bakteria wa kuyachachua. Hayo yaishi kwenye friji na tarehe yake iheshimiwe. Yale ya muda mrefu yamepita kwenye nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache na kufungwa bila hewa ya nje, ndiyo maana hukaa rafuni miezi. Ukishakata kona ya paketi, tarehe ile ndefu haihesabiki tena. Yaweke baridi, uyamalize ndani ya siku mbili tatu.

Mikebe ina adui wa pekee huku: hewa ya bahari. Mkebe wa nyanya au dagaa unaweza kupata kutu kwenye maungio yake mwaka mzima kabla ya tarehe. Kutu ya juujuu inayofutika kwa kidole si kitu. Kutu iliyochimba, mbonyeo kwenye mshono, au kifuniko kilichovimba ni sababu ya kuutupa bila kuonja, kwa kuwa botulizimu hupooza misuli ya kupumua na sumu yake haihitaji kijiko kizima.

Nimeacha soseji na nyama za kufungwa mwisho kwa makusudi. Kati ya 2017 na 2018, polony ya kiwanda kimoja cha Afrika Kusini ilisababisha mlipuko wa bakteria wa listeria ulioua zaidi ya watu 200. Listeria huota hata ndani ya friji, polepole, bila harufu. Kwa vyakula hivi tarehe ya usalama ni mpaka halisi: ikipita hata kwa siku moja, usile. Rangi isikushawishi. Mwaka 2019 runinga ya NTV ilionyesha jinsi nyama katika baadhi ya supamaketi ilivyotiwa kemikali ya sodiamu metabisulfaiti ili ionekane mbichi.

Sheria ipo. Sura ya 254 ya sheria za Kenya inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu, na afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kukikamata. Ukiona tarehe iliyokwaruzwa, au kibandiko kilichobandikwa juu ya kingine, mpelekee habari, tena ubaki na risiti. Namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora unaweza kuihakiki kwa kuituma KEBS kwa ujumbe mfupi kupitia 20023.

Lakini hakuna afisa anayekaa dukani usiku, na usiku ndipo baadhi ya friza za Malindi na Kilifi huzimwa kupunguza bili ya umeme, zikawashwa tena kabla mteja hajafika. Wenye maduka, nawaomba friza isizimwe. Na wewe mnunuzi, ukikuta soseji zimeshikana kuwa bonge moja, au barafu imejikusanya upande mmoja wa paketi, fahamu kuwa ziliwahi kuyeyuka na kuganda upya. Zirudishe kwenye friza, hata kama tarehe yake ni ya mwaka ujao.