Mwandishi asiyesomewa shtaka

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977, polisi walifika nyumbani kwa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o huko Limuru, Kenya, wakapekua vitabu vyake, wakaondoka naye. Hakufikishwa mahakamani siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Alipelekwa Kamiti, gereza lenye ulinzi mkali kaskazini ya Nairobi, akapewa nambari K6,77, na akakaa humo hadi tarehe 12 Desemba 1978. Muda wote huo hakuna aliyemsomea shtaka.

Kwa anayeshughulika na sheria, jambo hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Linganisha na yaliyompata Abdilatif Abdalla wa Mombasa miaka 9 kabla yake. Mwaka 1968, baada ya wagombea wa chama cha upinzani cha KPU kuenguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, Abdilatif aliandika kijitabu chenye jina la swali, *Kenya: Twendapi?* Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa miezi 18, kisha Mahakama Kuu ikaipandisha adhabu hadi miaka 3. Ulikuwa ukatili kumfunga kijana kwa maandishi, na sina neno la kuutetea. Hata hivyo palikuwa na hati ya mashtaka, palikuwa na hakimu, na familia yake ilijua kifungo kinaisha lini.

Ngũgĩ hakupata hata hayo. Aliwekwa kizuizini chini ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, ambayo mizizi yake ni ya kikoloni. Ni mamlaka ya aina ile ile aliyotumia gavana wa Kiingereza baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakenya walipotiwa kambini bila kesi. Mwaka 1966, Oginga Odinga alipokwisha kukihama chama tawala cha KANU na kuongoza KPU, Bunge la Kenya huru lilibadilisha katiba na sheria hiyo ili Serikali iweze kumzuia mtu hata kama nchi imetulia na hakuna hali ya hatari iliyotangazwa.

Kilichotakiwa ni kimoja tu: Waziri aridhike kwamba kumzuia fulani ni lazima kwa usalama wa umma. Akisharidhika, anatia sahihi. Hati ya Ngũgĩ ilitiwa sahihi na Daniel arap Moi, wakati huo Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani.

Watetezi wa sheria hiyo walikuwa wakisema ina kinga zake, na ni kweli zilikuwemo katika kifungu cha 83 cha katiba ya zamani. Aliyezuiliwa apewe sababu kwa maandishi ndani ya siku 5. Jina lake litangazwe katika Gazeti rasmi la Serikali ndani ya siku 14. Kesi yake iangaliwe na jopo huru ndani ya mwezi 1, na baadaye angalau kila miezi 6.

Sasa tazama kinga hizo zilivyofanya kazi. Sababu alizopewa Ngũgĩ zilikuwa za jumla jumla, kwamba vitendo na kauli zake ni hatari kwa utawala bora wa Kenya. Hazikutaja kitabu gani, ukurasa upi, wala kauli ipi. Mtu anayeshtakiwa kwa wizi wa kuku huambiwa ni kuku wa nani na aliibwa siku gani, naye akapata la kujibu. Profesa wa fasihi hakuambiwa hata hilo. Na jopo, lilipokaa, halikuwa na uwezo wa kuamuru aachiwe. Lilitoa mapendekezo tu, na Serikali ilikuwa huru kuyakubali au kuyaweka kando. Chombo ambacho hakiwezi kufungua mlango hakistahili kuitwa kinga.

Kwa nini basi Serikali haikumshtaki? Nadhani jibu limo katika mambo mawili yaliyotokea mwaka ule ule wa 1977. Mwezi Julai riwaya yake ya Kiingereza, *Petals of Blood*, inayowashambulia vikali matajiri wapya wa Kenya, ilizinduliwa Nairobi, na mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Fedha, Mwai Kibaki. Tarehe 2 Oktoba, tamthilia ya Kigĩkũyũ aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, *Ngaahika Ndeenda*, ilianza kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, huko huko Limuru, katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji kwa mikono yao. Waigizaji walikuwa wakulima na vibarua. Watu walifurika. Katikati ya Novemba kibali cha maonyesho kikafutwa, na mwezi uliofuata mwandishi akachukuliwa.

Angeshtakiwa, upande wa mashtaka ungelazimika kuyataja maneno yenyewe na kuyasoma mbele ya hakimu, na magazeti yangeyachapa asubuhi. Kilio cha mkulima wa tamthilia hiyo aliyepokonywa shamba, ambacho Serikali ilitaka kisisikike Limuru, kingesikika nchi nzima. Kizuizi kiliiepusha na hayo. Riwaya haikupigwa marufuku. Aliyeondolewa ni mtu.

Humo ndani aliandika riwaya nyingine, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, kwenye karatasi za choo za gerezani. Zilikuwa ngumu na za kukwaruza, kwa hiyo kalamu ilishika vizuri. Zilichukuliwa katika upekuzi, kisha mkuu wa gereza akazirudisha. Wafungwa wa kizuizini walitakiwa kufungwa pingu kila walipotolewa nje, hata kwenda kwa daktari. Ngũgĩ alikataa pingu kwa kuwa hakuwa amehukumiwa kwa lolote, na kwa kukataa huko akakosa kutibiwa jino. Mwaka mzima wa kizuizi ulikuwa wa mambo madogo madogo kama hayo, na kila moja lilimtaka mtu akubali kwamba ana hatia isiyo na jina.

Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Moi akawa Rais, na siku ya Jamhuri akawaachia wote waliokuwa kizuizini. Aliyetia sahihi kumzuia ndiye aliyemwachia, na mara zote mbili hakulazimika kumthibitishia hakimu jambo lolote. Ngũgĩ hakurudishiwa kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Angekuwa na hukumu angeweza kukata rufaa na kusafisha jina lake, lakini ambaye hakuhukumiwa ana nini cha kukatia rufaa? Mwaka 1982 kizuizi kilirudi, na safari hii miongoni mwa waliochukuliwa alikuwamo Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake ya *Kilio cha Haki* ilikuwa imechapishwa mwaka uliotangulia.

Kenya iliondoa kizuizi cha namna hiyo katika marekebisho ya 1997, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza kumzuia mtu bila kesi isipokuwa katika hali ya hatari. Tanzania ina sheria yake ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini, ambayo Tume ya Nyalali, tume ya serikali iliyoongozwa na Jaji Francis Nyalali, iliiweka katika orodha ya sheria 40 zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa.

Hata hivyo, siku hizi kizuizi hakihitaji sheria yake mahsusi. Kinajificha katika muda ulioko kati ya kukamatwa na kufika mahakamani. Mwandishi wa Uganda, Kakwenza Rukirabashaija, alikamatwa tarehe 28 Desemba 2021 kwa maneno aliyoandika mtandaoni kuhusu Rais Museveni na mwanawe. Katiba ya Uganda inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Alifikishwa tarehe 11 Januari 2022. Alipopata dhamana alionyesha makovu ya mateso mwilini mwake, kisha akakimbilia Ulaya.

Ndiyo maana familia ya mwandishi aliyekamatwa ianze kuhesabu saa papo hapo. Iandike saa aliyochukuliwa, kituo alichopelekwa na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na ikiambiwa hayupo katika kitabu cha kituo, iandike pia jina la afisa aliyesema hivyo. Saa 24 zikipita Kenya, au 48 Uganda, wakili apeleke ombi la habeas corpus, yaani mahakama iamuru mtu huyo aletwe mbele ya jaji na aliyemshika aeleze kwa sheria gani. Kifungu cha 25 cha Katiba ya Kenya kinaiweka haki hiyo pamoja na ile ya kutoteswa, miongoni mwa haki chache ambazo Serikali hairuhusiwi kuzipunguza hata kidogo. Katiba ya Uganda inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 44.