Siri ya Timu na Haki ya Mwenzi

Miongoni mwa mitihani inayomfika binadamu aishiye na wenzi wa kazi moja, ni michache inayoilemea dhamiri kama ule wa kumjua mwenzi kuwa anatenda hiana, ilhali mwenzi huyo ndiye anayekula naye, anayesafiri naye na anayemtegemea saa ya dhiki. Mtihani huu umewafika askari, mabaharia, makarani na matabibu. Lakini katika zama zetu ulidhihirika waziwazi katika besiboli ya kulipwa ya Marekani, mchezo ambao kwa miaka mingi uligubikwa na dawa za kuongeza nguvu, watu wake wakajua na wakanyamaza, na walipokuja kusema, wengi wao walisema wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Kwa msomaji asiyeuzoea, yafaa kueleza kwamba besiboli huchezwa kwa gongo na mpira mdogo mgumu: mrushaji huuvurumisha mpira, mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga, na akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, huvizunguka vituo vyote vinne pasipo mtu wa kumzuia, na hilo ndilo pigo linaloshangiliwa kuliko yote. Kila timu ya Ligi Kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, hata wachezaji hukaa pamoja kuliko wakaavyo na wake zao na watoto wao. Na katika chumba chao cha kubadilishia nguo pana kanuni isiyoandikwa popote, nayo ni kwamba yaonwayo humo hayatoki nje.

Na siri iliyofichwa humo ni steroidi, dawa zilizotengenezwa kwa mfano wa homoni ya kiume. Huijenga misuli, huuharakisha mwili kupona baada ya mazoezi mazito, na papo hapo huweza kuudhuru moyo na ini na kuharibu uzazi. Mwaka 1991 kamishna wa ligi, Fay Vincent, alizipelekea timu zote waraka wa kuzikataza, lakini katazo lile lilibaki maneno matupu, maana hakuna aliyeweza kupimwa pasipo ridhaa ya chama cha wachezaji, nacho chama kiliupinga upimaji kwa hoja ya kulinda faragha. Mgomo wa mwaka 1994 ukaifuta fainali ya mwaka ule, na watazamaji wakaondoka kwa hasira. Kisha, mwaka 1998, wakavutwa tena na ushindani wa Mark McGwire na Sammy Sosa, ambao wote wawili waliivunja rekodi ya Roger Maris ya mapigo 61 ya kuvuka uzio, iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1961: Sosa akafikisha 66, na McGwire 70. Katikati ya shangwe ile mwandishi wa habari Steve Wilstein aliona katika kabati la McGwire chupa ya androstenidioni, dawa iliyouzwa madukani kihalali na ambayo ligi ilikuwa haijaikataza, ingawa wakuu wa Olimpiki walikwisha kuipiga marufuku. Akaandika alichokiona, na lawama nyingi zikamwangukia yeye aliyeitaja chupa.

Majira ya baridi ya mwaka huohuo, katika mkutano wa chama cha wachezaji, alisimama mtu ambaye si wengi nje ya mchezo wanaolijua jina lake, Rick Helling, mrushaji wa Texas Rangers na mwakilishi wa wenzake wa timu ile. Aliwaeleza viongozi kwamba matumizi ya steroidi yameenea, na kwamba wachezaji wapendao kushika njia safi wanaanza kujiona hawana budi kutumia, wasije wakapoteza nafasi zao. Hakumtaja mtu, wala hakwenda gazetini. Alisema ndani ya nyumba yao wenyewe, mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kulitengeneza jambo, akarudia kulisema katika miaka iliyofuata, na hawakulishughulikia. Lau angalisikizwa, aibu nyingi zilizofuata zisingalikuwapo, na wachezaji wengi wasingalifikishwa pahala pa kuchagua baina ya kusema uongo na kumchongea sahibu.

Wanaoutetea ukimya wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Mchongezi hachukiwi bure: jamii yoyote ambayo kila mtu humpeleleza jirani yake hupoteza imani, na pasipo imani hakuna timu, wala nyumba, wala mji. Nasi wa pwani tumelelewa kuisitiri aibu ya mwenzetu, na fitina tumeihesabu kuwa maradhi mabaya ya ulimi. Lakini sitara ina mpaka wake. Aibu ipasayo kufunikwa ni ile ambayo hasara yake humwangukia mwenyewe. Ama dhulma inayomnyang'anya mtu wa tatu riziki yake, hiyo mwenye kuifunika huwa ameshiriki katika kuitenda.

Na mtu huyo wa tatu yuko. Katika zama zile timu ya Ligi Kuu ilikuwa na nafasi 25 tu kwa sehemu kubwa ya msimu, na kila aliyeipata nafasi yake kwa sindano alimfungia mlango kijana aliyekuwa akitaabika katika ligi ndogo, anayesafiri usiku kucha kwa basi, anayelipwa ujira haba, na ambaye amekataa kuutia mwili wake dawa. Kijana huyo hatajwi wanapozungumza watu juu ya uaminifu, na huku naye ni mwenzi vilevile, amevaa sare ileile na ameahidiwa ushindani wa haki. Mchezaji asemaye kwamba hawezi kumsaliti mwenzi wake hana budi aulizwe ni mwenzi yupi, kwa kuwa ukimya wake umekwisha kumsaliti mmoja.

Sauti ya Helling ilipopuuzwa, ukweli ulitafuta njia nyingine, ukatoka kwa namna mbaya. Mwaka 2005 Jose Canseco, aliyekuwa nyota wa Oakland pamoja na McGwire, alichapisha kitabu alimokiri kutumia steroidi na kuwataja wenzake waziwazi, mmoja baada ya mwingine. Watu walimdharau kwa kuwa aliuza siri za masahibu zake, na kweli hakusema hayo wakati alipokuwa akifaidika. Hata hivyo, mengi aliyoyasema yalithibitika. Rafael Palmeiro, mmoja wa aliowataja, aliwanyooshea kidole wabunge huko Washington tarehe 17 Machi mwaka ule, akaapa kwamba hakutumia kamwe, na kabla msimu kwisha akafungiwa baada ya kipimo kumkuta na steroidi. McGwire naye alikiri Januari 2010. Hapa pana funzo lisilopendeza: nia mbaya ya msemaji haiufanyi ukweli kuwa uongo, na watu waungwana wanaponyamaza, kazi ya kusema humwangukia asiye na staha.

Seneta wa zamani George Mitchell alipoteuliwa mwaka 2006 kuchunguza, aliwaita wachezaji aliokuwa na tuhuma juu yao waje wajieleze, na karibu wote wakakataa. Ripoti yake ya tarehe 13 Desemba 2007, iliyowataja wachezaji zaidi ya 80, ilitegemea sana maneno ya watu wawili wasio wachezaji, Kirk Radomski, mtumishi wa zamani wa chumba cha New York Mets, na mkufunzi Brian McNamee, ambao wote walifunguliwa vinywa na hofu ya mkono wa serikali. Wenye fahari walifunga midomo, na mzigo wa ushahidi ukabebwa na wadogo.

Aliyejaribiwa kuliko wote labda ni Andy Pettitte, aliyecheza na Roger Clemens katika New York Yankees kisha Houston Astros, wakawa kama mtu na kaka yake. Pettitte kwanza alikiri kosa lake mwenyewe, kwamba alitumia homoni ya ukuaji. Kisha, mwezi Februari 2008, alipoulizwa kwa kiapo na wanasheria wa kamati ya Bunge, alieleza kwamba zamani Clemens alimwambia kuwa ametumia homoni hiyo. Clemens alikana, akasema rafiki yake amekumbuka visivyo. Mwaka 2012, katika kesi ya Clemens mahakamani, Pettitte alipobanwa na mawakili alikubali kwamba huenda ikawa nusu kwa nusu hakumfahamu vema, na Clemens akaachiliwa katika mashtaka yote. Wako waliomwona Pettitte kuwa dhaifu. Mimi namwona kuwa shahidi mwenye insafu, kwa sababu hakusema zaidi ya alichokijua na hakudai yakini asiyokuwa nayo. Jina la mtu ni amana, na asemaye juu yake hana ruhusa ya kuongeza hata chembe.

Leo wachezaji wa Ligi Kuu hupimwa mkojo na damu, na tangu mwaka 2014 anayepatikana na dawa hizo hufungiwa mechi 80 mara ya kwanza, msimu mzima mara ya pili, na maisha mara ya tatu. Hatua hizo zimewapunguzia wenzi mzigo, lakini hazikuuondoa: mkasa wa mwaka 2013 wa zahanati iliyoitwa Biogenesis, huko Florida, uliosababisha mchezaji Alex Rodriguez kuukosa msimu wote wa 2014, ulifichuliwa na karatasi alizozitoa mtu aliyefanya kazi humo, na wala si maabara. Jambo hili latuhusu na sisi, maana Kenya, ambayo wakimbiaji wake wengi wamefungiwa kwa kosa hilihili, ilitunga sheria dhidi ya dawa hizo mwaka 2016. Na kanuni ya ulimwengu inayowatawala wanariadha imeandika, tangu Januari 2021, kwamba kumtisha au kumlipiza kisasi aliyetoa habari ni kosa linalojitegemea.

Kanuni hiyo ni njema, lakini itafaa kitu pale tu viongozi wa klabu na kambi watakapokuwa tayari kumsikiliza msemaji wa mwanzo. Amwonaye mwenziwe akianguka na amwonye kwanza faraghani. Asiposikia, na aliseme jambo kwa wenye mamlaka bila chuki na bila kuzidisha. Na akiitwa kuapa, na aseme kweli. Nao wenye mamlaka wajue kwamba wanapompuuza mtu kama Helling, dhambi ya fitina itakayozuka baadaye ni yao kabla ya kuwa ya mchongezi.