Kijana Mwanasoka na Chakula Chake Katika Ramadhani

Tarehe 26 Aprili 2021, Leicester City ilipokuwa ikicheza na Crystal Palace katika Ligi Kuu ya Uingereza, mchezo ulisimama kidogo baada ya jua kuzama ili Wesley Fofana, kijana wa miaka 20, na Cheikhou Kouyaté wapate kufuturu. Kipa wa Palace, Vicente Guaita, alichelewa kwa makusudi kuanzisha mpira, kwani timu zote mbili na mwamuzi walikwisha kukubaliana kabla ya mchezo.

Tukio hilo lina mazingatio kwa wazazi. Wapo wanaomwacha kijana akimbilie mpira juani akiwa amefunga bila ya daku; wapo pia wanaomlazimisha achague, ama funga ama mpira. Njia ya kati ipo, nayo huanzia jikoni.

Ndugu wazazi, funga haipunguzi mahitaji ya mwili unaokua. Hubadilisha saa za kula tu. Kijana wa kilo 50 afanyaye mazoezi ya wastani huhitaji kiasi cha gramu 250 hadi 350 za wanga kwa siku, na gramu 60 hadi 90 za protini. Sambusa na kaimati peke yake hazitoshi. Na afuturu kwa tende, maji na uji. Kisha ale wali, viazi au mihogo, pamoja na samaki, dagaa au maharage, mboga za majani na matunda. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma ya kutosha. Wasichana waliobaleghe huyahitaji madini hayo zaidi kuliko wavulana.

Daku isiachwe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ina baraka, na kuichelewesha ni Sunna. Mayai, maziwa, mkate na ndizi vyafaa sana. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, si kwa mkupuo mmoja alfajiri. Mkojo wenye rangi nzito ni dalili ya upungufu wa maji.

Mazoezi na yawe karibu na Magharibi au baada ya Tarawehe. Kijana akipatwa na kizunguzungu, aache mara moja na apelekwe kivulini. Ikihofiwa madhara, afungue, kisha ailipe siku hiyo. Suratul Baqarah, aya ya 185, imetoa ruhusa kwa mgonjwa na msafiri, na asiyebaleghe funga haijamwajibikia.

Basi mzazi azungumze na mwalimu wa timu kabla ya mwezi kuandama. Ikiwa Leicester na Palace waliweza kupatana, kwa nini sisi tushindwe?

Wabillahi Tawfiq.