Viunganishi vya Kiingereza katika Kalamu ya Msemaji wa Kiswahili

Miongoni mwa makosa ambayo walimu wa Kiingereza nchini Kenya huyapigia mstari mwekundu, ni machache yanayojulikana kama lile la kutia "although" na "but" katika sentensi moja. Mwanafunzi huandika: "Although it rained, but the farmers went to the field." Mwalimu hufuta neno moja, hupunguza alama, na pengine huongeza pembeni kwamba mwandishi hakufikiri sawasawa. Kufuta ni haki. Hiyo nyongeza ndiyo yenye kuhitaji kuchunguzwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo ni la sarufi wala si la fikira, na kwamba yapo makosa mengine ya viunganishi, yasiyopigiwa kelele sana, ambayo hugeuza maana yenyewe na kwa hiyo yanastahili kupewa nafasi ya mbele darasani.

Viunganishi vya Kiingereza hugawanywa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la viunganishi vinavyounga vishazi vyenye hadhi sawa, kama vile "and", "or" na "but". Kundi la pili ni la vile vinavyokifanya kishazi kimoja kiwe tegemezi kwa kingine, mathalani "although", "because", "if", "when" na "unless". Tofauti yake yaweza kupimwa kwa kuhamisha vishazi. Kishazi kilichoanza na "although" chaweza kutangulia au kufuata: "Although it rained, the farmers went" na "The farmers went, although it rained" zote ni sahihi. Kishazi kilichoanza na "but" hakihamishiki hivyo. Hapana sentensi ya Kiingereza sanifu isemayo "But the farmers went, it rained", kwa maana ile ile.

Kutokana na kipimo hiki kosa la mwanafunzi laeleweka. "Although" imekwisha kukifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi. "But" inadai kwamba vishazi vyote viwili viwe huru. Madai hayo mawili hayawezi kutimizwa kwa pamoja, na kwa hiyo Kiingereza huchagua kiungo kimoja. Sheria ni hiyo, nayo ni ya muundo wa lugha moja.

Kama kurudia alama ya ukinzani kungekuwa upungufu wa fikira, lugha nyingi za ulimwengu zingeingia hatiani. Katika Kichina ni jambo la kawaida kuanza kishazi cha kwanza kwa "suīrán", yaani ingawa, na cha pili kwa "dànshì", yaani lakini. Kiingereza chenyewe hakina usafi wanaousadiki baadhi ya walimu. Katika Kiingereza cha Kale neno "þa" liliweza kuanza vishazi vyote viwili vya sentensi, la kwanza likiwa na maana ya wakati na la pili likiwa na maana ya ndipo. Tafsiri ya Biblia iliyochapishwa mwaka 1611 inatumia "though" katika kishazi kimoja na "yet" katika kile kinachofuata. Hata leo "if" hufuatwa na "then" bila ya mtu kulalamika.

Kwa nini basi "yet" ikubaliwe na "but" ikataliwe? Sarufi kubwa ya Kiingereza ya Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, iliyotolewa mwaka 1985, inaonyesha kuwa mpaka baina ya viunganishi na vielezi si ukuta bali ni mteremko. "And", "or" na "but" ziko upande mmoja wa mteremko huo. "Yet" na "so" ziko kati, kwa kuwa zaweza kutanguliwa na kiunganishi kingine: husemwa "and yet" na "and so", ambapo "and but" haisemwi. "Yet" kwa hiyo imebaki na tabia ya kielezi, na kielezi hakigombani na "although".

Sasa na tukitazame Kiswahili. Sentensi "Ingawa mvua ilinyesha, lakini wakulima walikwenda shambani" husikika kila siku, na huandikwa pia. Wapo wanaopendelea kuiacha "lakini" kwa ajili ya mkato wa maneno, au kuweka "hata hivyo" mahali pake. Hata hivyo, msikilizaji haoni kwamba sentensi imevunjika. Sababu moja yaweza kupatikana katika asili ya maneno yenyewe. "Ingawa" si neno lililozaliwa likiwa kiunganishi. Ni kitenzi "-wa" chenye kiambishi cha nafsi "i-" na kiambishi "-nga-" cha kukubali kinzani, na katika lugha ya zamani viambishi vya nafsi vilibadilika: "angawa", "zingawa". "Ijapokuwa" nayo imejengwa vivyo hivyo kwa "-japo-". "Lakini" ni neno lililotoka katika Kiarabu. Basi msemaji wa Kiswahili anapoanza kwa "ingawa", anakuwa ametamka kitenzi chenye maana ya "hata ikiwa ni hivyo", na "lakini" humwonyesha msikilizaji mahali ambapo hoja inageuka. Hakuna viunganishi viwili vinavyogombea kiti kimoja. Anapovaa Kiingereza juu ya mwendo huo, ndipo mgongano unapotokea.

Kosa hilo, pamoja na umaarufu wake, halimpotoshi msomaji. Maana hubaki ile ile. Sivyo ilivyo kwa "unless". Kiswahili husema "Asipokuja, tutaondoka", na ukanushi umo ndani ya kitenzi kwa "-sipo-". Kiingereza husema "Unless he comes, we shall leave": ukanushi umehamia kwenye kiunganishi, na kitenzi kimebaki katika hali ya kukubali. Mwanafunzi anayehamisha ukanushi wa kitenzi chake huandika "Unless he does not come, we shall leave". Sentensi hiyo haina kasoro ya muundo, na huenda mwalimu asiiguse, lakini inasema kinyume: kwamba tutaondoka, ila asipokuja. Katika insha jambo hilo ni dogo. Katika mkataba wa nyumba, au katika maelezo ya dawa, ni jambo la hasara na la hatari. Msaada upo katika Kiswahili chenyewe, kwani "Tutaondoka, ila akija" ina kitenzi cha kukubali baada ya "ila", sawasawa na "unless".

Hali kadhalika kiambishi "-ki-". "Akija, mwambie" yaweza kufasiriwa kwa "if" au kwa "when". Kiswahili kinaiachia hali ya mazungumzo kuamua. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi aamue. "When he comes" inachukulia kwamba atakuja, na "if he comes" haichukulii hivyo. Anayeandika "when the tenant fails to pay" amekwisha kumtilia mpangaji mashaka ambayo pengine hakuyakusudia.

Isidhaniwe kwamba lugha ya kwanza ni chimbuko la makosa tu. Wanafunzi wengi huandika "despite it rained" au "because of it rained". Tofauti inayowashinda hapo wanayo tayari. Hakuna msemaji wa Kiswahili asemaye "licha ya mvua ilinyesha" wala "kwa sababu ya mvua ilinyesha". Anajua kwamba "licha ya" na "kwa sababu ya" hufuatwa na nomino, na kwamba "ingawa" na "kwa sababu" hufuatwa na kishazi chenye kitenzi. Akionyeshwa kuwa "despite" na "because of" ziko upande wa "ya", na "although" na "because" ziko upande mwingine, somo hilo huwa jepesi.

Yafuatayo basi yanapendekezwa kwa wanaowaandaa walimu. Kwanza, makosa yanayogeuza maana, kama ya "unless" na ya "if", yafundishwe kabla ya yale yanayovunja umbo tu. Pili, sentensi ya Kiswahili iwekwe ubaoni kando ya ile ya Kiingereza, ili mwanafunzi aone ni wapi kila lugha imeweka kiungo chake. Tatu, alama nyekundu isiandamane na hukumu juu ya akili ya mwandishi.

Hili la mwisho lina uzito wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na mwanafunzi yule yule huandika insha kwa zote mbili. Akiambiwa kwamba kuweka "lakini" baada ya "ingawa" ni kutofikiri, ataanza kuifuta hata katika Kiswahili, si kwa kuwa sarufi yake inamtaka afanye hivyo, bali kwa kuwa ameamini kwamba Kiingereza ndicho mizani ya mantiki. Kumwondolea dhana hiyo ni kazi ya idara za lugha za Kiafrika kama ilivyo kazi ya mwalimu wa Kiingereza.