Ndama Pacha, Fisi na Mtoto wa Jinsi Tata

Mfugaji wa Shinyanga akijaliwa ndama pacha, dume na jike, asiharakishe kumhesabu yule mtamba: zaidi ya majike tisa kati ya kumi wa namna hiyo huwa tasa. Sababu yake ilielezwa na F. R. Lillie wa Marekani mwaka 1916. Tumboni mwa mama, mishipa ya damu ya makondo mawili huungana. Homoni za dume humfikia jike na kuyapotosha maumbile yake ya uzazi. Hapana mkono wa mtu hapo. Fisi madoa, mnyama anayenenewa mengi Usukumani, husingiziwa uhuntha bure: jike ana kinembe kirefu mithili ya uume, na huzaa kwa njia hiyo hiyo, lakini ni jike kamili.

Kwa binadamu jambo ni zito zaidi. Mtoto akizaliwa Geita na viungo visivyobainika, wazazi hutaka jawabu siku ile ile. Lakini swali la kwanza ni uzima wake. Baadhi ya watoto hawa wana hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo: hutapika, hupoteza chumvi mwilini, na wasipopewa dawa huweza kufa katika majuma machache. Huyo apelekwe hospitali upesi, ikibidi hata Bugando, Mwanza.

Upasuaji wa kurekebisha sura ya viungo ni shauri jingine. Mara nyingi waweza kungoja hadi mwenye mwili aweze kusema. Jina na malezi havihitaji kisu, na kilichokatwa hakirudi. Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa jinsi tata, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja watoto wao kwa haki zao.