HATAZA HUPIMWAJE?
Habari za seva ipelekayo mipangilio kutoka kifaa hata kifaa

Wenzangu wengi hapa shuleni hudhani kwamba mtu akibuni kitu kipya huenda ofisini, hulipa ada, hupigiwa muhuri, na tangu siku ile kitu kimekuwa chake. Sivyo. Kati ya kuomba na kupewa pana mtihani, na mtihani wenyewe ni mgumu. Sisi wa S.6 twajibu maswali ya karatasi iliyo mbele yetu. Mvumbuzi hushindanishwa na kila jambo lililokwisha kuandikwa au kuonyeshwa duniani kabla yake. Nataka kuwaeleza mtihani huo unavyokwenda, na ili maneno yangu yasiwe ya hewani nitatwaa kitu kimoja tu na kukipitisha katika kila mlango.

Kwanza tujue hataza ni nini. Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na dola. Mvumbuzi hueleza uvumbuzi wake waziwazi, hata fundi mwingine asomaye aweze kuutengeneza. Dola nayo humpa haki ya kuwazuia wengine wasiutengeneze wala kuuuza bila idhini yake, kwa muda usiozidi miaka 20 tangu siku alipopeleka maombi. Muda ukiisha, uvumbuzi ni wa watu wote. Kwa hiyo asiyetaka kueleza hapewi, na aliyepewa hapewi milele.

Sasa nitaje kitu chenyewe. Katika chumba cha kompyuta kila mashine ina mipangilio yake: anwani yake katika mtandao, printa itakayotumia, lugha, saa, na mengineyo. Fundi akizunguka mashine 30 na kuandika mipangilio kwa mkono, siku nzima itapita, na hapana shaka mashine mbili zitapewa anwani moja na kugombana. Ndiyo maana hutumiwa seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kuzitumikia kompyuta nyingine.

Tuseme basi pana mtu, nami nitamwita Mwombaji, aliyefikiri hivi: "Nitatengeneza seva itakayopokea mipangilio kutoka kifaa cha kwanza, iihifadhi, kisha iipeleke kwa kifaa cha pili. Mtu akinunua kifaa kipya hatakuwa na haja ya kukifundisha upya. Seva itakiambia yote aliyoyapanga katika kile cha zamani." Huyu ni mtu wa mfano tu, lakini sheria nitakazompimia ni za kweli. Tumpeleke katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao makuu mjini Munich. Ofisi hiyo ilitokana na mkataba uliotiwa sahihi mjini humo tarehe 5 Oktoba, 1973. Naichagua kwa sababu njia yake ya kupima imepangwa hatua kwa hatua, na hukumu za mabaraza yake ya rufani hutangazwa ili kila mtu azisome.

Mwombaji huandika maelezo, michoro, na mwishoni madai. Madai ndiyo roho ya maombi. Maelezo ni kama hadithi ya shamba lilivyopatikana. Madai ni mipaka ya shamba lenyewe. Mpaka ukiwa mpana mno utameza shamba la jirani, nawe utafukuzwa. Ukiwa mwembamba mno jirani atalima pembeni yako usiweze kusema neno. Miezi 18 baada ya tarehe ya kupeleka, maombi hutangazwa, hata kama bado hayajaamuliwa.

Maombi husomwa na wachunguzi watatu, nao huuliza maswali kwa mpango.

Swali la kwanza: Je, huu ni uvumbuzi wa kiufundi? Mkataba wasema kwamba programu ya kompyuta kwa nafsi yake, kanuni za hesabu, na njia za kufanya biashara si uvumbuzi. Mwombaji wetu hupita mlango huu kwa urahisi, maana ametaja seva, nayo ni mashine. Lakini asifurahi mapema. Mlango wa kwanza ni mpana. Mwembamba uko mbele.

Swali la pili: Je, ni jambo jipya? Hapa wachunguzi huenda katika maandiko. Mnamo Septemba 1985, Bill Croft na John Gilmore walitoa waraka namba 951 katika mfululizo wa nyaraka za mafundi wa mtandao, wakieleza utaratibu uitwao BOOTP. Kwa utaratibu huo kompyuta isiyo na diski iliweza kuamka bila kujua hata anwani yake, ikaiuliza seva, nayo seva ikaijibu anwani na jina la faili la kuanzia kazi. Baadaye, mwaka 1993, ukatokea utaratibu wa DHCP, ukaandikwa upya na Ralph Droms katika waraka namba 2131 wa Machi 1997. Huo watumika hata leo. Mazungumzo yake ni mafupi, na ningeyatafsiri hivi:

Kifaa: "Nani atanipa anwani?"
Seva: "Ninayo hii, waitaka?"
Kifaa: "Naitaka hiyo."
Seva: "Haya, ni yako kwa muda huu."

Tena tazama jambo hili. Wito wa kifaa kipya hauvuki mpaka wa mtandao wake mdogo. Seva ikiwa upande wa pili, wito utapotea. Ndiyo maana tangu ule waraka wa 1985 alitajwa mjumbe wa kati, nami napenda kumwita tarishi, anayeuchukua wito na kuupeleka kwa seva, kisha kuleta jibu. Basi kama Mwombaji angalidai "seva ipelekayo mipangilio kwa vifaa vya mtandao" na kunyamaza hapo, wachunguzi wangalimwekea karatasi hizi mbele yake na kumwambia: "Bwana, ulichokileta kilikuwapo." Shauri lingalikwisha siku hiyo.

Lakini yeye ameandika neno moja zaidi: mipangilio yatoka katika kifaa cha kwanza. Katika DHCP, mipangilio huwekwa katika seva na msimamizi wa mtandao. Hapo pana tofauti. Tofauti hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama, jambo ni jipya. Amepita mlango wa pili.

Swali la tatu ndilo lenye uzito: Je, pana hatua ya uvumbuzi? Maana yake, je, jambo hili lingalikuwa wazi kwa fundi stadi wa kazi hiyo? Fundi huyu hayupo duniani. Ni mtu wa kufikiriwa. Yeye amesoma kila waraka wa kazi yake, anajua desturi zote za ufundi wake, lakini hana ubunifu hata kidogo. Wachunguzi humtumia kama kipimo, nao hufuata hatua tatu.

Mosi, hutafuta kitu cha zamani kilicho karibu kuliko vyote na kile kinachodaiwa. Kwetu sisi tuseme ni seva ya DHCP. Pili, huuliza tofauti ni ipi, na tofauti hiyo yaleta faida gani ya kiufundi. Kutoka hapo hupata tatizo ambalo uvumbuzi umelitatua. Tatu, humwuliza yule fundi wa kufikiriwa: kama ungalipewa tatizo hili, ungalifikia jawabu hili hili?

Hapa lugha yetu yatusaidia kuona jambo zuri. Wachunguzi hawaulizi kama fundi angaliweza kufanya hivyo. Mtu aweza mengi. Huuliza kama angalifanya, yaani kama pana sababu katika maandiko au katika ujuzi wa kawaida iliyomsukuma kuelekea huko. Baina ya "angaliweza" na "angalifanya" hataza nyingi zimeokoka, na nyingine nyingi zimezama. Ni sheria ya haki, maana kila jawabu likishaandikwa ubaoni huonekana jepesi, na kila mwanafunzi husema, "Hata mimi ningelipata."

Turudi kwa Mwombaji. Ataulizwa: kuchukua mipangilio kutoka kifaa badala ya msimamizi kumetatua tatizo gani? Akijibu, "Mteja atafurahi, naye atanunua vifaa vyetu vingi zaidi," amejimaliza. Furaha ya mteja na faida ya duka si mambo ya ufundi, wala hayahesabiwi katika hatua ya uvumbuzi.

Kanuni hii ilikazwa katika shauri mashuhuri la kampuni ya Comvik, lenye namba T 641/00, lililoamuliwa na baraza la rufani tarehe 26 Septemba, 2002. Shauri lilihusu simu za mkononi: kadi moja ya simu iliyopewa vitambulisho viwili, mtumiaji akichagua kimoja kwa simu za kazi na kingine kwa simu zake binafsi, ili gharama zisichanganyike. Baraza likasema kwamba kugawanya gharama si shauri la ufundi. Jambo la namna hiyo laweza kuwekwa katika tatizo lenyewe, kama agizo ambalo fundi amepewa na bwana wake: "Tengeneza simu itakayotenganisha gharama." Kisha lililobaki kupimwa ni moja tu: je, namna ya kulitimiza agizo kwa ufundi ilikuwa ngumu kuonekana? Baraza likaona haikuwa ngumu, na hataza ile haikusimama.

Mwombaji akipimwa hivyo, fundi ataambiwa: "Mwenye nyumba ataka kifaa kipya kifuate mipangilio ya kile cha zamani. Timiza." Fundi atasema, "Naam, nitaihifadhi katika seva na kuipeleka." Ni jambo la kawaida. Madai yataanguka.

Je, hana wokovu? Anao, ikiwa aliandika vizuri tangu mwanzo. Tuseme ndani ya maelezo yake ya kwanza alieleza kwamba seva huuliza kwanza kifaa cha pili kina uwezo gani, hugeuza mipangilio kutoka lugha ya mtengenezaji mmoja kwenda lugha ya mwingine, kisha hupeleka tu yale yaliyobadilika, ili kifaa chenye kumbukumbu ndogo kisilemewe. Hayo ni mambo ya ufundi. Aweza kuyahamisha kutoka maelezo na kuyatia katika madai, akapunguza mpaka wa shamba lake, akatetea sehemu iliyo yake kweli. Bado fundi ataulizwa, lakini sasa pana cha kubishania.

Bali kama mambo hayo aliyajua kichwani tu, asiyaandike siku ya kupeleka maombi, amechelewa. Mkataba hauruhusu kuongeza jambo lisilokuwamo katika karatasi za siku ya kwanza. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sijaona mahali methali hii ilipotimia kama hapa.

Wachunguzi wakikataa, Mwombaji ana miezi 2 ya kutoa taarifa ya rufani, na miezi 4 tangu siku ile ile ya kuarifiwa ya kueleza sababu zake. Na wakikubali, watu wengine nao wana miezi 9 ya kuipinga hataza. Kwa hiyo mlango wa haki umeachwa wazi pande zote mbili.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya Munich yatuhusu nini sisi wa Uganda? Yatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, sisi pia tuna chombo cha namna hiyo. Shirika la ARIPO, lenye makao yake Harare, lilianzishwa kwa mapatano ya Lusaka ya mwaka 1976, na itifaki ya hataza ikafuata Harare mwaka 1982. Uganda ni mwanachama, na Kenya na Tanzania pia. Mvumbuzi apeleka maombi mamoja na kutaja nchi anazozitaka. Nao huko huuliza kama jambo ni jipya na kama pana hatua ya uvumbuzi.

Pili, hataza haina nguvu nje ya nchi ilikotolewa. Uvumbuzi uliosajiliwa Ulaya tu, usisajiliwe kwetu, fundi wa Kampala aweza kuutengeneza na kuutumia hapa bila kuvunja sheria. Naye asome wapi? Maombi yote yaliyotangazwa husomwa bure katika hazina ya Ulaya iitwayo Espacenet, yenye nyaraka zaidi ya milioni 100. Shule isiyo na maktaba kubwa ina maktaba hiyo, mradi ina mtandao.

Tatu, upimaji mkali ni ngao ya mnyonge. Wako wanaosema wachunguzi ni watu wagumu wawaoneao wivu wavumbuzi. Mimi nasema kinyume. Kama Mwombaji angalipewa hataza kwa sentensi ile ya kwanza, pana kama uwanja wa mpira, basi kila fundi mdogo aungaye mashine katika shule au zahanati angalidaiwa fedha kwa kutumia jambo lililojulikana tangu 1985. Ugumu wa wachunguzi walinda kile ambacho ni chetu sote.

Kwa hiyo, ninyi wenzangu mnaopenda kuchokonoa mashine, nawashauri haya. Andika kila wazo katika daftari, ulitie tarehe. Tafuta kwanza kama yuko aliyekutangulia. Usilionyeshe wazo lako katika maonyesho ya sayansi kabla ya kupeleka maombi. Marekani humsamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe kwa mwaka 1, lakini Ulaya, kwa kawaida, hata maneno yako mwenyewe hugeuka kuwa shahidi dhidi yako. Na unapoandika, usiandike jinsi wazo lako lilivyo kubwa. Andika jinsi linavyofanya kazi.